SOMO LA KIKUNDI: Mali Ikikodishwa, Mwenyewe ni Nani?

Sisi wa Bukoba na Muleba tunalo la kujifunza kwa jirani. Kwa miaka mingi umeme wetu umenunuliwa Uganda, ukipitia Masaka hadi kituo cha Kyaka.

Mwaka 2001 shirika la umma la umeme la Uganda, UEB, liligawanywa katika makampuni matatu: uzalishaji, usafirishaji na usambazaji. Usafirishaji ulibaki mikononi mwa serikali. Mitambo ya Jinja ilikodishwa kwa Eskom mwaka 2003, na usambazaji kwa kampuni ya Umeme Limited mwaka 2005, kwa miaka 20.

Upotevu wa umeme ulipungua kutoka kama asilimia 38 hadi chini ya 20, lakini wananchi walilalamikia bei. Mkataba ulipoisha Machi 2025, nguzo na nyaya zilirudi kwa kampuni ya umma, UEDCL. Serikali ililipa dola milioni 118 kufidia uwekezaji; Umeme Limited ikadai zaidi.

Kwetu, TANESCO iliendeshwa na NETGroup Solutions ya Afrika Kusini kuanzia 2002 hadi 2006, bila kuuzwa.

Basi, kikundi kikikodisha mashine yake ya kusaga, kiandike mapema: mali ni ya nani, mkataba unaisha lini, na matengenezo ya mpangaji yatathaminiwa vipi.

Tujadili:
1. Mali zipi za kikundi chetu zimekodishwa?
2. Mkataba ukiisha kesho, nani anamdai nani?