Mlo wa Mzee Ubadilike: Mwongozo kwa Wapishi na Walezi wa Makazi ya Wazee

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mpishi, mlezi na msimamizi wa makazi ya wazee, yawe ya Serikali kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga na Sebleni Unguja, au ya taasisi za dini. Anayemtunza mzazi nyumbani naye atapata la kumfaa.

Mzee akirudisha sahani bila kuimaliza, tusikimbilie kusema hana njaa. Huenda amekinai. Kumbadilishia mlo ni sehemu ya matunzo, wala hakuhitaji bajeti mpya.

Kwa nini anakinai

Umri ukisonga, ulimi na pua hupoteza makali, na chakula huonekana chapwa. Baadhi ya dawa hukausha mate. Meno yamepungua. Juu ya hayo, ugali na maharage siku nenda siku rudi.

Mzee anayekula kidogo hupoteza misuli, huanguka kirahisi, na vidonda vyake huchelewa kupona. Wataalamu wa lishe hushauri apate angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 anahitaji gramu 50 au zaidi. Yai moja lina takribani gramu 6, na kikombe cha maharage yaliyopikwa takribani 15. Kwa kuwa hali kingi, kila kijiko kiwe na faida.

Badilisha kitu kimoja kila siku

Si lazima kubadilisha sahani nzima. Badilisha kitoweo, au mboga, au namna ya kupika:

- Jumatatu: ugali, maharage ya nazi, mchicha, papai.
- Jumanne: mtori wa ndizi na nyama iliyoiva hadi kuchambuka, parachichi.
- Jumatano: ugali, dagaa waliosagwa na kuungwa kwa karanga, kisamvu.
- Alhamisi: wali, choroko, mlenda, ndizi mbivu.
- Ijumaa: viazi vitamu, samaki asiye na miiba, matembele, embe la msimu.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa kila mtu, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ikiwamo iliyomo kwenye vyakula vya dukani. Ladha iletwe na ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na kotmiri. Chai ya rangi inywewe kati ya mlo na mlo, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga.

Usiku usiwe mrefu mno

Makazi mengine hugawa chakula cha jioni saa 11 ili wapishi wawahi nyumbani. Chai ikija saa 2 asubuhi, mzee amekaa saa 15 bila kula. Mpe uji wa maziwa au wa karanga kabla ya kulala. Maji nayo apewe mara kwa mara bila kusubiri aombe, kwani uzeeni kiu haisikiki vizuri.

Chakula laini kiwe na sura

Asiye na meno hahitaji kila kitu kusagwa pamoja hadi kikawa rangi moja. Ponda viazi peke yake, mboga peke yake, kitoweo peke yake, kisha upakue kando kando ili ajue anachokula. Anayekohoa au kupaliwa kila anapokula, hasa aliyewahi kupata kiharusi, apelekwe kwa mtaalamu wa afya kabla ya kuendelea kulishwa.

Wakati wa kula

Anayeweza kutoka chumbani ale pamoja na wenzake. Akae wima, penye mwanga, chakula kikiwa cha moto kiasi. Anayelishwa, keti usawa wake na usubiri ameze ndipo umpe kijiko kingine. Usimharakishe.

Angalieni pia haya

- Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo apangiwe mlo kwa ushauri wa mtaalamu wa afya.
- Wakati wa Ramadhani au Kwaresima, anayetaka kufunga aonane kwanza na daktari iwapo anatumia dawa.
- Pimeni uzito kila mwezi. Nguo zikianza kumpwaya, toeni taarifa mapema.

Waulizeni wenyewe

Wengi waliomo makazini walikuwa wapishi, wakulima na wavuvi. Mmoja amelelewa kwa michembe, mwingine kwa matoke, mwingine kwa samaki wa kupaka. Wiki hii, kaeni nao nusu saa na mwulizeni kila mmoja: "Bibi, babu, ni chakula gani ungependa tukupikie?" Andikeni majibu, chagueni vyakula viwili vinavyopatikana sokoni kwenu, na viingie kwenye ratiba ya wiki ijayo. Kisha tazameni sahani zinazorudi jikoni: zikirudi tupu, mmepatia, zikirudi na chakula, ulizeni tena.