Kufundisha Viambishi vya Masharti: -KI-, -NGE- na -NGALI-

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kufundisha viambishi vya masharti katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Jambo hili huonekana dogo, lakini kosa lake hugeuza maana ya sentensi nzima.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliona daftari la mtoto aliyeandika: "Baba angalipona, tungalihamia mjini." Mwanachuo aliyesahihisha alikata maneno hayo kwa wino mwekundu, akaandika "angepona" na "tungehamia", kwa kuwa ndivyo alivyozoea kusema. Kumbe baba wa mtoto yule alikwisha fariki. Sahihisho lile lilidai kwamba bado yu mgonjwa na matumaini yapo. Mtoto ndiye aliyekuwa na sarufi.

Tofauti ni hizi:

(a) -KI-: sharti laweza kutimia. "Mvua ikinyesha, tutapanda."

(b) -NGE-: sharti halijatimia, ila twaliwazia. "Mvua ingenyesha, tungepanda."

(c) -NGALI-: wakati umepita, na sharti halikutimia. "Mvua ingalinyesha, tungalipanda."

Katika kukanusha tutapata: isiponyesha, isingenyesha, isingalinyesha. Aidha, -NGE- na -NGALI- hazichanganywi: kiambishi kilichotumika katika sharti ndicho kitumike katika matokeo. "Ungekuja, ningalikupa" si sanifu.

Kifaa cha somo ni mlango wa darasa. Mwalimu auache wazi kwa -KI-, auegeshe kwa -NGE-, aufunge kabisa kwa -NGALI-. Kisha kila mwanafunzi atoe sentensi inayohusu maisha yake, na wenzake waseme mlango uweje na kwa nini. Sentensi ziandikwe ubaoni baada ya kusemwa, si kabla. Sarufi ifuate maana.

Tukumbuke pia kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu wengi hutumia -NGE- hata kwa mambo yaliyopita. Mtoto akiandika hivyo asikemewe, bali aulizwe: "Jambo hili bado laweza kuwa, au limekwisha pita?" Jibu lake ndilo litakaloonyesha kiambishi kinachofaa.

Basi, ndugu wanachuo, kabla ya kutia alama ya kosa, na tuulize kwanza mtoto alitaka kusema nini. Kalamu nyekundu isitangulie sikio.