Msingi wa Mraba kwa Kamba Tupu

Chumba kilichopinda hujulikana siku ya kuweka vigae. Safu inaanza na kigae kizima, inamalizikia na kipande chembamba kama kisu. Ukipima kuta unakuta kila moja ina mita 4, na fundi anaapa kwamba hakukosea. Ni kweli hakukosea kupima. Pande nne za mita 4 zinaweza kufanya mraba, na zinaweza pia kufanya umbo lililoegama. Umbo hushikwa na uhusiano wa mistari: ipi sawa na ipi, ipi sambamba, ipi imesimama wima juu ya nyingine. Hayo yote yanapatikana kwa kamba isiyo na alama hata moja.

Andaa vigingi, uzi na kamba isiyovutika. Nailoni nyembamba hunyumbuka, hivyo iepuke.

1. Vuta uzi wa ukuta wa mbele, upite kona kwa hatua kadhaa. Chomeka kigingi kwenye kona.

2. Kata kipande cha kamba, urefu wowote. Kutoka kigingi cha kona, kilaze juu ya uzi upande wa kushoto, uweke alama. Kigeuze kulia, uweke alama nyingine. Sasa kona iko katikati kabisa ya alama hizo.

3. Chukua kamba ndefu zaidi. Ishikize kwenye alama ya kushoto, uchore tao ardhini upande wa nyuma ya nyumba. Fanya vivyo hivyo kutoka alama ya kulia, kwa kamba ileile. Uzi unaotoka konani na kupita pale matao yanapokatana ndio ukuta wako wa pili, na pembe yake ni mraba. Euclid wa Aleksandria aliieleza njia ya namna hii yapata mwaka 300 KK, katika kitabu cha kwanza cha Elements, bila kutaja kipimo chochote.

4. Rudia kwenye kona ya pili ya mbele. Kwa kamba moja, weka alama za urefu sawa kwenye nyuzi zote mbili za pembeni, upate kona za nyuma.

5. Hakiki. Vuta kamba kutoka kona hadi kona inayoikabili (huo ndio ulalo), kisha uipeleke kwenye kona mbili zilizobaki. Nafasi hizo mbili zikilingana, na upande wa nyuma ukiwa sawa na wa mbele, umepata mstatili. Zisipolingana, shikilia pande zikiwa zimekazwa, usogeze vigingi viwili vya nyuma kwa pamoja upande unaofupisha ule ulalo mrefu, mpaka zilingane.

6. Kwa usawa wa juu, tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji bila mapovu. Maji ya ncha mbili hukaa kimo kimoja, hata kama kona hazionani.

Tepu ije baada ya hapo, kuamua ukubwa. Na unapoagiza kazi, anza na uhusiano: "Ukuta wa jikoni uwe sambamba na wa sebule, dirisha likae katikati ya ukuta na likabiliane na mlango." Kisha taja mita. Fundi akikosea mita, chumba kitakuwa kidogo au kikubwa tu. Akikosea pembe, kosa litamfuata kwenye vigae, kwenye dari na hadi kwenye paa. Kwa hiyo usiruhusu jembe liguse ardhi kabla kamba mbili za kona kwa kona hazijalingana mbele ya macho yako.