Bamba la Milimita Moja Chini ya Silinda

Injini ya mipigo miwili ya aina ninayoizungumzia haina vali. Pistoni ndiyo mlinzi wa milango yote: ikipanda na kushuka hufunika na kufunua matundu yaliyotobolewa kwenye ukuta wa silinda. Kimo cha kila tundu ukutani ndicho kinachoamua mchanganyiko wa hewa na petroli uingie lini na moshi utoke lini. Fundi wa injini za mashindano anayetaka kubadili nyakati hizo ana njia mbili: achonge tundu, au aisogeze silinda nzima. Bamba linalokaa kati ya silinda na kasha la kranki hufanya hilo la pili.

Tuchukue Lambretta ya cc 200, skuta ya kiwanda cha Innocenti cha Milano, ambayo mafundi wa Uingereza wameichokonoa kwa miongo mingi. Kipenyo cha silinda ni mm 66, mwendo wa pistoni mm 58, na konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki, ina mm 107 kati ya pini na pini.

Kranki huzunguka kwa kasi ileile, lakini pistoni huenda kama pembea: hukaribia kusimama kwenye ncha mbili na kukimbia katikati. Tena, haigawi safari yake sawa kwa sawa. Pistoni ikiwa kileleni, pini yake iko mm 136 juu ya kitovu cha kranki, yaani 107 na 29. Kranki ikizunguka nyuzi 90, konrodi inainama. Tumia kanuni ya pembetatu mraba: kimo chake sasa ni mm 103 tu. Pistoni imeshuka mm 33 katika robo ya kwanza, na robo ya pili imebakiziwa mm 25. Ziada hiyo imetokana na kuinama kwa konrodi, na ndiyo maana huwezi kugeuza milimita kuwa nyuzi kwa kukisia.

Tuseme tundu la moshi linafunguka nyuzi 90 baada ya kilele, na matundu ya kupitishia mchanganyiko kutoka kwenye kasha yanafunguka nyuzi 120. Weka bamba la mm 1. Matundu yote yamepanda mm 1, kwa hiyo pistoni inayafikia mapema. Tundu la moshi sasa linafunguka kwenye nyuzi 88. Muda wake wa kuwa wazi umetoka nyuzi 180 hadi 184. Yale ya kupitishia yanafunguka kwenye nyuzi 117.4 hivi, na muda wake umetoka 120 hadi karibu 125. Bamba ni lilelile, ila hapo chini pistoni imeshaanza kupunguza kasi, hivyo milimita moja inakula nyuzi nyingi zaidi.

Hapa ndipo penye uzito. Kati ya kufunguka kwa moshi na kufunguka kwa matundu ya kupitishia kulikuwa na nyuzi 30, nafasi ya shinikizo kushuka kabla mchanganyiko mpya haujaingia. Sasa zimebaki kama 29.4. Injini ya mashindano huzunguka kasi na inaihitaji sana nafasi hiyo. Bamba limeipunguza, ijapokuwa muda wa moshi umeongezeka. Na kwa kuwa Lambretta huvuta kupitia tundu linalofunuliwa na ukingo wa chini wa pistoni, muda wa kuvuta nao umepungua.

Kule juu, mwanya kati ya pistoni na kichwa cha silinda umeongezeka mm 1, sawa na cc 3.4 za ziada. Mgandamizo unashuka. Lazima kichwa au ncha ya juu ya silinda ikatwe kwa kipimo hichohicho.

Hali ni nyingine kabisa kama umeweka konrodi ya mm 110. Pistoni imepanda mm 3 na bamba la mm 3 linaipandisha silinda nayo; nyakati hazibadiliki ila kidogo mno. Kwa hiyo mtu akikuambia bamba huongeza nguvu, muulize kwanza kranki na konrodi yake ni za kipimo gani.

Bamba la alumini huleta pia maungio mawili badala ya moja. Likivujisha hewa, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, joto linapanda na injini inanoki. Madirisha yake yalingane na njia za kwenye kasha bila kingo kujitokeza.

Kabla ya kuchonga chochote, funga bamba, weka gurudumu la nyuzi kwenye kranki na usome kila tundu linapofunguka. Kisha ingiza waya laini wa kulehemu kupitia tundu la plagi, pande zote mbili kwa mstari wa pini ya pistoni, zungusha kranki kwa mkono, na upime unene wa waya uliobaki: huo ndio mwanya wa kule juu. Bamba lisilofaa utalitoa jioni hiyohiyo. Chuma ulichokikwangua kwenye tundu hakirudishiki.