Mfamasia wa mtaani na afya ya mzazi wako

Je, mzazi wako mzee hutumia dawa ngapi? Fungua mkoba wake na huenda ukapata vidonge vya shinikizo la damu, vya ugonjwa wa sukari na vya magoti, vingine vikiwa katika karatasi isiyo na jina.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya zaidi ya milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Kadiri umri unavyosonga, ndivyo maradhi ya kudumu yanavyoongezeka, na dawa nazo huongezeka. Isitoshe, figo na maini ya mzee hufanya kazi polepole, hivyo dawa hukaa mwilini kwa muda mrefu.

Zamani mfamasia alijulikana kama mtu wa kuhesabu vidonge na kupokea pesa. Siku hizi kazi yake imepanuka. Daktari wa moyo huandika dawa zake na wa sukari zake. Mara nyingi mfamasia ndiye anayeweza kuziona zote pamoja.

Chukua mfano wa mama wa miaka 70 anayetumia enalapril pamoja na dawa ya kuongeza mkojo. Goti linamwuma, anamtuma mjukuu dukani akamnunulie diclofenac. Dawa hizo 3 zikikutana zaweza kuharibu figo, na diclofenac yenyewe hupandisha shinikizo la damu. Mfamasia mwangalifu atamwuliza mjukuu: "Dawa hii ni ya nani? Anatumia nyingine zipi?" Usikasirike ukiulizwa hivyo. Hiyo ndiyo kazi yake.

Hata Piriton ya mafua yaweza kumlewesha mzee kwa usingizi, akaanguka na kuvunjika nyonga. Mwanamume mwenye uvimbe wa tezi ya kibofu yaweza kumzuia kukojoa.

Fanya yafuatayo:

1. Nunua dawa za mzazi katika duka moja lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, ili mfamasia amjue.

2. Angalau mara moja kwa mwaka, tia dawa zake zote mfukoni, pamoja na mitishamba, umpelekee mfamasia azikague.

3. Uliza kila dawa ni ya nini, inywewe saa ngapi, na kama yafaa kuliwa na chakula.

4. Usisage kidonge kabla ya kuuliza. Nifedipine ya kufanya kazi polepole ikisagwa, shinikizo laweza kushuka ghafla.

5. Usimwachishe dawa kwa sababu "amepata nafuu". Nafuu hiyo huenda inaletwa na dawa yenyewe.

Mfamasia hachukui nafasi ya daktari. Mzee akipatwa na kizunguzungu, akichanganyikiwa au mkojo ukipungua baada ya kuanza dawa mpya, mpeleke hospitalini upesi, na ule mfuko wa dawa uubebe.