Githeri na chai havitoshi kujenga damu

Katika mitaa ya Makadara, toka Maringo hadi Jericho na Hamza, akina mama wengi humwendea daktari wakilalamikia uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio wapandapo ngazi. Baadhi yao hutafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa vibandani. Aghalabu hizo ni dalili za upungufu wa damu. Ukiwauliza wanakula nini, wengi watakujibu: githeri na chai.

Msomaji, githeri ni chakula chema. Viini vya protini ambavyo ni haba katika mahindi hupatikana katika maharagwe, ndiyo sababu viwili hivyo hufaana. Isitoshe, maharagwe yana madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza chembe nyekundu za damu.

Lakini githeri tunayoila mjini ni sehemu tu ya chakula cha wenyeji wa Mlima Kenya. Kabla ya mahindi kuenea, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitegemea wimbi, mtama, mawele, viazi vikuu, nduma na njahi. Hadi leo, mama aliyejifungua hupikiwa njahi. Juu ya hayo palikuwa na mboga za majani: terere, yaani mchicha, managu, yaani mnavu, na thabai, yale majani yawashayo ambayo huacha kuwasha yakishapikwa.

Mboga hizo zina maana kubwa. Mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao juu ya lishe ya Wakikuyu na Wamaasai. Waliona kuwa wanawake wa Kikuyu walikula majani zaidi kuliko wanaume. Leo mjini, mara nyingi majani ndiyo ya kwanza kuachwa.

Chuma kilichomo katika mimea huingia mwilini kwa shida. Ndani ya nafaka na maharagwe mna kemikali iitwayo faiteti ambayo hukishika chuma kisipite katika utumbo. Chai nayo ina tanini, ambayo hufanya vivyo hivyo, na kuongeza maziwa hakuondoi tatizo hilo. Kwa hiyo mtu anayeteremsha githeri kwa kikombe cha chai hupoteza sehemu kubwa ya chuma alichokinunua.

Kinyume chake, vitamini C hukisaidia chuma kupita. Nyama au samaki, hata kipande kidogo, husaidia pia.

Fanya hivi nyumbani kwako:

1. Loweka maharagwe au njahi usiku kucha, kisha umwage maji hayo kabla ya kupika. Faiteti itapungua, na utaokoa makaa.

2. Kila unapopika githeri au mukimo, tia majani. Terere, managu na majani ya maboga hupatikana katika soko la Jogoo Road. Yapike kwa muda mfupi, wala usimwage maji yake, kwani vitamini nyingi hupotelea humo.

3. Kula chungwa, pera au nyanya mbichi pamoja na mlo.

4. Ngoja walau saa moja baada ya kula ndipo unywe chai. Mtoto mdogo usimpe chai kabisa; mpe uji.

5. Unga wa uji wa wimbi uchachushe kabla ya kuupika, kama walivyofanya wazee. Kuchacha hupunguza faiteti. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyinginezo, jambo linalofaa mifupa ya mtoto.

Hata hivyo, usijitibu kwa sufuria peke yake. Damu hupungua pia kwa sababu ya malaria, minyoo, hedhi nzito, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa selimundu, na kila kimoja kina tiba yake. Mama mjamzito asiache vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki kwa kuwa anakula managu. Mahitaji yake ni makubwa kuliko yanavyoweza kutoshelezwa na sahani.

Ukiona viganja na ndani ya kope vimepauka, au mtoto amekuwa mnyonge na hataki kucheza, nenda zahanati ukapimwe damu. Kipimo hicho ni cha tone moja tu kutoka kidoleni. Ukikosa pumzi ungali umeketi, usingoje kesho.