SOMO LA USALAMA KAZINI: PUA PEKE YAKE HAITOSHI



Wengi wetu hutegemea pua kujua kama hewa ni salama. Hilo ni kosa. Kaboni monoksaidi, inayotoka kwenye tanuri na injini, haina harufu kabisa. Haidrojeni salfaidi ya mashimo ya maji taka hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huifisha pua. Mtu hudhani gesi imekwisha, kumbe imeongezeka.

Basi tunahitaji kipimo. Je, ni lazima kiwe cha bei kubwa? La. Tutazame viwili.

Kwanza, king'ora cha gesi cha nyumbani. Aina moja ilitokana na kazi ya Mjapani Naoyoshi Taguchi katika miaka ya 1960. Ndani yake mna oksidi ya bati inayopashwa moto kwa umeme. Katika hewa safi, oksijeni huishika na kuzuia umeme usipite kwa urahisi. Gesi inayowaka ikifika huiondoa oksijeni hiyo; umeme hupita kwa wingi na king'ora hulia.

Pili, simu ya mkononi. Mwaka 2014 wanakemia wa MIT, Marekani, wakiongozwa na Timothy Swager, walitumia vibandiko rahisi ambavyo simu husoma bila waya. Walikata njia ya umeme ndani ya kibandiko, wakaiunga kwa vijirija vya kaboni. Penye gesi kama amonia, inayotumika katika vyumba vya baridi, upitishaji wa umeme hubadilika, na simu huonyesha badiliko hilo.

Lakini tujihadhari. King'ora cha gesi ya kupikia si cha kaboni monoksaidi, na hata mvuke wa pombe unaweza kukiliza. Kikinyamaza, hiyo si ruhusa ya kuingia shimoni. Mwenzetu akianguka humo, tusimfuate bila vifaa vya kupumulia, tuite waokoaji.

Kipimo rahisi hutuamsha tu. Kupima kwa vyombo vilivyothibitishwa na kuondoa hatari ni wajibu wa mwajiri. Mkataba Na. 155 wa ILO wa mwaka 1981 unataka alindwe mfanyakazi anayeondoka mahali anapoamini, kwa sababu ya haki, kuwa pana hatari kubwa ya papo hapo. Amwarifu msimamizi mara moja.

Maswali ya kujadiliana tawini:
1. Kwetu gesi hutoka wapi?
2. Nani hupima, na lini?
3. Majibu hubandikwa wapi tuyasome?